CHAKULA CHA DADA: Gunia la Kamba ya Bluu

Alikula.

Haya, furahini sasa. Wiki nzima mmenikalia kooni. "Mwandishi, alikula au hakula?" Yupo hata mmoja aliyenishika mkono sokoni, nimebeba nyanya zangu, akaapa haniachii mpaka nimwambie. Alikula, nasema. Nyanya zangu nazo zilipondeka.

Kama umeingia leo, sogea upate nafasi. Fundi Pumba ana mashine ya kusaga na kuchanganya chakula cha mifugo, juu ya kiwanja walichoachiwa na baba yao, yeye na dada yake. Huyo dada ndiye Mama Trei, mfugaji wa kuku wa mayai. Kuku wake wanakufa. Miguu inawakataa, wanakaa chini, maji wanayaona pale pale na hawayafikii. Kuku wa wateja wengine wote wa Fundi wazima kabisa. Wanaokufa ni wa dada yake tu, dada ambaye wamegombania kiwanja hicho mpaka wakaacha kusemezana.

Ndipo Mama Trei alipobeba gunia la chakula kutoka nyumbani kwake mpaka mashineni, akalitua mbele ya wateja, akachota kiganja kizima na kumwekea mdogo wake chini ya pua. "Kama hujaniwekea sumu, kula!"

Na Fundi akasita. Tuliishia hapo.

"Unaogopa nini?" Mama Trei alifoka. "Si chakula chako? Si umekichanganya kwa mikono yako hiyo hiyo?"

Fundi alikitazama kile kiganja. Akakinusa kidogo. Akainua macho akamtazama dada yake usoni, akafungua mdomo kama mwenye neno, akaufunga.

Wateja walikuwa wamejipanga kando ya mzani, kila mtu na gunia lake tupu. Mashine ilikuwa imezimwa. Vumbi la pumba lilikuwa bado linaelea hewani, na harufu ya dagaa waliosagwa imejaa kila kona.

Fundi akainamisha kichwa, akala kwenye kiganja cha dada yake.

Chakula cha kuku wa mayai hakina raha, msomaji. Mahindi, mashudu, dagaa, chokaa. Kinakwaruza koo kama mchanga. Alitafuna, akapaliwa, akatafuna tena.

"Maji," akasema.

"Meza kwanza!"

Akameza. Akatoa ulimi nje kuonyesha, kama mtoto aliyepewa dawa. Mteja mmoja akashindwa kujizuia akacheka, na wengine wakafuata.

"Haya, mwenzenu amekula," alisema mama mmoja mfuga bata, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. "Mwacheni aiwashe mashine. Mie bata wangu hawajui kesi, wanajua njaa."

Mama Trei hakucheka. Alisimama pale, mkono bado umejaa vumbi, anamtazama mdogo wake. Anangoja aanguke. Mungu anisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa: mwanamke yule aliyembeba mgongoni Fundi mpaka akajua kutembea, sasa alikuwa anangoja aanguke.

Fundi hakuanguka. Alikunywa kikombe cha maji, akaketi juu ya gunia la mashudu.

"Umeridhika, dada?"

"Sijaridhika. Kinachoua kuku si lazima kiue mtu. Leo utasema yote. Mume wangu amekwenda kumleta askari, na wakikukuta hapa, watakuchukua hapa hapa."

Kicheko kikakatika. Yule mama wa bata akarudi nyuma hatua, akakumbatia gunia lake.

"Shemeji ndiye kakutuma, kwa ajili ya kiwanja?" Fundi aliuliza polepole.

"Sijatumwa na mtu. Kuku wangu ndio wamenituma."

Hapo ndipo buti za mpira zilipoingia zikiburuza matope, na ndani ya buti hizo daktari wa mifugo. Binti mfupi, mkali, hana salamu ndefu. Alikuwa ametoka bandani kwa Mama Trei, na mkononi alikuwa na mfuko wa nailoni. Ndani ya mfuko, kuku.

"Meza iko wapi?"

Hapakuwa na meza. Akatandika mfuko mtupu juu ya mzani, akamlaza kuku chali, akatoa kisu. Wenye roho nyepesi wakageuka ukutani. Alipasua, akachungulia ini, akachungulia matumbo, akaguna. Kisha akauchomoa mfupa wa paja, akaufuta, akaushika ncha mbili.

"Mfupa wa kuku mzima ukiukunja, unasemaje?"

"Ka!" wateja wakajibu kwa pamoja.

Daktari akaukunja. Haukusema kitu. Ulipinda tu, kama mpira, ukabaki umepinda.

"Si sumu," akasema. "Wala si ugonjwa. Kuku hawa mifupa yao imekwisha. Wametaga, wametaga, mwili ukawa unachota kwenye mifupa, na mifupa hairudishiwi kitu. Kuna madini wanayakosa kwenye chakula. Fosforasi."

"Daktari, usimfiche huyu," Mama Trei alisema. "Tumegombana. Kiwanja hiki..."

"Mama, mifupa haijui habari za kiwanja." Daktari akamgeukia Fundi. "Unga wa mifupa unaweka kama zamani?"

Fundi akameza mate. "Hapana. Nimepunguza."

Loo! Msomaji, ungekuwepo! Mnong'ono ulipita kwa wale watu ukageuka kelele. Mama Trei akapiga makofi, si ya furaha.

"Mmesikia? Mmesikia kwa masikio yenu? Kapunguza!"

"Nimepunguza kwa wote!" Fundi alipaza sauti, akashika tumbo kidogo, akaendelea. "Tangu nianze kuweka vimeng'enya. Daktari, waeleze wewe. Mimi nikieleza nitaonekana najitetea."

Daktari aliinua mkono wakanyamaza. "Hapo hajakosea. Nafaka na pumba zina fosforasi nyingi, ila imefungiwa ndani, na tumbo la kuku halina ufunguo. Anaila, inapita, inatoka naye kwenye kinyesi. Kimeng'enya ndicho ufunguo. Ukiweka kidogo tu kwenye chakula, kinafungua, kuku anafaidi kile kile anachokula. Ndiyo maana unga wa mifupa unapunguzwa. Wafugaji wengi wanafanya hivyo."

"Ndiyo ule unga mweupe?" mama wa bata alidakia. "Basi huo uacheni! Bata wangu tangu niuanze wanataga mpaka naona aibu kuwaomba."

"Sasa niambieni," Daktari akasema, na hapa sauti yake ilishuka. "Ufunguo ni mmoja, chakula ni kimoja, mashine ni moja. Kwa nini wafe kuku wa nyumba moja tu?"

Wote wakamtazama Fundi.

Jasho lilikuwa linamtoka. Lilimtiririka kwenye paji la uso, likachora mistari kwenye vumbi la pumba. Aliwatazama wateja wake, akatazama chini. Nimewaona watu wenye hatia, na nimewaona watu wenye haya. Kwa mbali wanafanana sana.

"Chakula cha dada," akasema, "huwa nakipika."

"Unakipika?"

"Kwa mvuke. Kuna pipa kule nyuma, nimelitoboa, nimetia bomba. Wateja wakishaondoka nawasha kuni. Chake peke yake. Cha wengine hapana."

"Kwa nini changu?" Mama Trei aliuliza. Safari hii hakufoka.

Fundi aliyafuta machozi yaliyokuwa yanamtoka bila sababu, akajibu akiwa ameangalia sakafu.

"Ulipofiwa na vifaranga wote, mwaka ule. Wakasema vijidudu vimetoka kwenye chakula. Ulikuja hapa, ukaketi pale kwenye mzani, ukalia. Hukuniambia neno. Hukunilaumu. Ukalia tu, ukainuka ukaenda. Nikasema hakitatoka hapa chakula cha dada yangu chenye kijidudu hata kimoja. Nikatengeneza pipa. Wateja sikuwaambia, maana wangetaka wote, na kuni za watu wote nitazitoa wapi?"

"Na mimi? Mimi mbona hukuniambia?"

"Tulikuwa hatusemezani, dada."

Daktari alikuwa ameweka kisu chini. "Fundi. Hivyo vimeng'enya ulikuwa unaweka kabla ya mvuke, au baada?"

"Kabla. Ili viive pamoja na chakula, vichanganyike vizuri."

Daktari akakaa. Hakutafuta pa kukaa, alikaa pale pale juu ya gunia la pumba la mtu mwingine.

"Mama," akamwambia Mama Trei, "wewe ni mtu wa mayai. Ukilichemsha yai, likaiva, ukaliacha lipoe siku nzima. Litarudi kuwa bichi?"

"Haliwezi."

"Kimeng'enya ni kitu cha namna hiyo. Kikishaiva kimekufa. Viko vinavyostahimili joto, lakini alivyonavyo huyu si hivyo, mkebe wake naujua. Wateja wote hapa walikuwa wanapata unga wa mifupa kidogo pamoja na ufunguo. Wewe ulikuwa unapata unga wa mifupa kidogo, na ufunguo uliopikwa."

"Aliyeniuzia aliniambia nisiviweke juani," Fundi alisema. Sauti ilikuwa inamtetemeka. "Sijawahi kuviweka juani. Naviweka kule kona ya baridi, nafunika na gunia nililolilowesha maji. Kila asubuhi nalilowesha upya."

"Na mvuke?"

"Mvuke hakuutaja."

Jamani! Mtu analinda unga usiunguzwe na jua, analowesha gunia kila asubuhi kama anayeuguza mgonjwa, halafu jioni anautia kwenye pipa linalochemka, kwa mapenzi! Nimeandika visa vingi kwenye ukurasa huu, vya wezi na vya waongo, lakini kisa hiki kinaniuma kuliko vyote. Angekuwa anamchukia dada yake, angempa chakula kama cha wengine, na kuku wangekuwa wanataga.

Mama Trei alikaribia. Aliinama mbele ya mdogo wake, akamshika magoti.

"Kumbe ulikuwa unanipikia," akasema. "Mimi nakutangaza muuaji nyumba hadi nyumba, kumbe wewe uko huku nyuma unachochea kuni."

Akalia. Akalia kwa sauti, mbele ya wale wateja, hajali. Mama wa bata naye akaanza kupangusa macho kwa ncha ya kanga, huku akisema ni vumbi tu hili.

"Waliobaki?" Mama Trei akauliza. "Daktari, waliobaki wamesimama?"

"Wako wengi wamesimama. Ukiwapa leo chakula chenye unga wa mifupa wa kutosha, wengi watapona. Walioanguka siwezi kukudanganya. Lakini banda lako halijafa."

Msomaji, hapo ndipo ningependa kuishia leo. Dada amempata mdogo wake, kuku wamepata tiba, mwandishi anakunywa chai yake. Lakini sikulipwa kuwapakeni mafuta.

"Nakuletea unga wa mifupa," Fundi alisema. "Nnao kule ndani."

Akainuka. Magoti yakamkataa. Akaketi tena kwa kishindo, akacheka kicheko cha aibu, akajaribu mara ya pili. Safari hii alianguka mbele, mikono chini, na mate marefu yakamtoka mdomoni yakagusa sakafu.

"Pole, Fundi, mambo mazito hayo," mteja mmoja alisema, akidhani ni uchungu.

Daktari hakumwona. Alikuwa amepiga goti kwenye lile gunia la Mama Trei, anataka kukitazama chakula kilichopita kwenye mvuke kimekaaje. Alichota, akakipekecha kati ya vidole. Akakisogeza puani ili anuse kama kimeungua. Akasimama ghafla.

"Gunia hili limetoka wapi?"

"Nyumbani. Kwangu."

"Lilikaa karibu na dawa yoyote? Dawa ya kupulizia mboga? Ya kuulia wadudu?"

"Hapana. Lilikuwa mlangoni. Mume wangu alilifunga mwenyewe kwa kamba ya bluu, akasema hili tusiliguse, hili ni la askari. Ni ushahidi." Mama Trei alikuwa anazungumza haraka sasa. "Mimi nikasema kama ni ushahidi, basi ndilo hilo hilo nimletee mwenyewe usoni. Nikalibeba. Kwani lina nini?"

Daktari akamletea kiganja puani. Pua ya Mama Trei ilikuwa imeziba kwa kulia tangu alfajiri. Alivuta pumzi mara moja, mara mbili. Mara ya tatu aliinuka akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mzani.

"Nani mwingine amekula hiki?" Daktari aliuliza. Halafu akageuka akamwona Fundi chini.

Alimfikia kwa kuruka. Akamgeuza ubavu, akamfungua jicho kwa kidole. Mboni ilikuwa imesinyaa, imebaki nukta ndogo. Shavu lilikuwa linachezacheza lenyewe.

"Gari! Nani ana gari? Litafutwe sasa hivi!"

Wateja wawili wakatimua mbio kuelekea barabarani. Mama Trei akajitupa sakafuni, akakipakata kichwa cha mdogo wake.

"Fundi. Mdogo wangu. Uliisikia harufu? Wewe mwenye pua ya kutambua mahindi yaliyoota ukungu gunia likiwa limefungwa, uliisikia?"

"Niliisikia."

"Sasa kwa nini ulikula?"

Alivuta pumzi, nayo ikakoroma. "Nisingekula, ungeniamini?"

Mama Trei akampangusa mate kwa kanga yake.

Daktari alimwaga mkoba wake wote chini. Chupa, mabomba ya sindano, glovu. Akashika kichupa kidogo, akakitazama kwenye mwanga.

"Dawa ninayo, ni ya ng'ombe, lakini inaweza kumshikilia mpaka hospitali. Ila kama sumu yenyewe si ile ninayoifikiria, nikimchoma nitammaliza mimi. Lazima nijue kilichowekwa. Mama, nani amegusa gunia hili?"

Pikipiki ilizimwa nje. Sauti ya mwanaume ikaingia kabla yake, ya kujiamini, inaeleza jambo kwa mtu.

"...hapa ndipo, afande. Sumu yote imo kwenye gunia, utajionea."

Akaingia mume wa Mama Trei, yule tunayemwita Miwani, mtu wa mashati yaliyonyooshwa, na nyuma yake askari. Miwani aliliona gunia limefunguliwa. Aliiona kamba ya bluu imetupwa. Aliviona vumbi na makombo kwenye kiganja cha mke wake, na midomo ya shemeji yake.

Rangi ikamtoka usoni.

"Nani amekula?" akauliza.

Hakuuliza kuna nini, wala huyu amefanya nini. Askari alilisikia swali hilo kama nilivyolisikia mimi, akageuza shingo taratibu kumtazama.

"Umeweka nini?" Mama Trei aliuliza.

"Mimi?"

"Bwana, sina muda. Umeweka dawa gani kwenye gunia? Itaje jina. Daktari anataka jina tu."

Miwani alimtazama shemeji yake, aliyekuwa sasa anatapatapa miguu sakafuni. Akamtazama askari. Akavua miwani, akaipangusa kwenye shati, akaivaa tena. Nawaambieni, hata kuipangusa hakukosea.

"Mimi sijaweka kitu," akasema. "Hicho ni chakula kilichotoka kwa mdogo wako. Mwulizeni yeye."

"Anakufa!" Daktari alipiga kelele.

"Sijaweka kitu."

Mama Trei alikilaza kichwa cha mdogo wake chini, taratibu, juu ya gunia tupu. Akasimama. Akaenda kwenye gunia la kamba ya bluu, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akauinua umejaa.

"Hujaweka kitu."

"Mke wangu, acha utoto."

"Basi ni chakula cha kuku tu. Mdogo wangu alikula kwa sababu sikumwamini. Wewe nakuamini, mume wangu. Nimekaa na wewe miaka yote hii kwa kukuamini."

Mama wa bata alipiga ukelele. Askari akanyoosha mkono, lakini gunia lilikuwa kati yao.

Mama Trei alikuwa hamtazami askari wala Daktari. Alimtazama mumewe machoni, akafungua mdomo, akaupandisha mkono.